Kambi ya Sumo ya Nsambya

Lendirova ya jeshi ilipoingia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, Jumatano moja ya Agosti 1974, wanawake waliokuwa wakifua bombani waliinuka mmoja mmoja, wakachukua mabeseni yao na kuingia ndani, kana kwamba nguo zote zimetakata kwa pamoja. Gari likapita mistari mitatu ya kota, likasimama mbele ya mlango wa Koplo Saverio Ochan.

Mkewe, Filda, alikuwa akimenya viazi vitamu. Alijua maana ya gari lile. Mwezi wa sita lilisimama kwa Odur, kota ya pili kutoka kwao, na Odur akaambiwa aje ofisini mara moja kujibu swali moja. Miezi miwili ilikuwa imepita na bado alikuwa akilijibu. Odur alikuwa wa kabila la Lango, Ochan alikuwa Mwacholi, na katika mwaka ule mtu wa kaskazini hakuhitaji kosa jingine.

"Koplo Ochan!" askari aliita kutoka garini. "Meja Kasim nakuita."

Filda aliingia chumbani, akatoka na sweta la sufu, akamvisha mumewe ingawa jua lilikuwa kali.

"Vaa na soksi," alimwambia. "Sakafu za huko ni za saruji."

"Nitarudi, Mama Alanyo."

"Ndiyo," alisema Filda, kwa sauti ambayo mtu humjibia mtoto mgonjwa.

Ochan alirudi alasiri ile ile. Alishushwa na lendirova ile ile, begani amebeba nusu ya mbuzi, mkononi mfuko wa sukari na mkebe wa mafuta ya kupikia. Akakaa kwenye stuli, sweta bado mwilini, jasho likimtiririka, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka. Binti yake Alanyo, wa miaka tisa, na wadogo zake wawili walisimama wakimtazama kwa woga.

"Wamenipima kiuno," alisema.

"Wamekupima nini?"

"Kiuno. Na mapaja. Na shingo."

Filda aliposikia shingo, alikaa chini.

Mambo yalikuwa hivi. Meja Kasim alikuwa mkuu wa michezo ya vikosi vyote, cheo alichopewa bila kuulizwa kama amewahi kucheza chochote. Juma lililopita alikwenda kwenye kiwanda kimoja cha mashati kuharakisha sare za gwaride. Fundi mkuu wa mashine alikuwa Mjapani, Bwana Kuroda, mtu mpana mwenye kuchechemea. Meja alipofika kwa fundi huyo, mtaa wa Bugolobi, kunywa chai, aliona ukutani picha ya kijana mnene ajabu, amefungwa kitambaa kiunoni na kingine chochote hana. "Nani huyu?" aliuliza. "Mimi," alijibu Mjapani. Akaeleza kwamba kwao kuna mieleka iitwayo sumo, na kwamba aliifanya kwa miaka kumi na minne. Meja hakuuliza zaidi. Kesho yake alikwisha mwambia mkubwa wake kwamba Kampala yupo bingwa wa dunia wa sumo, na kwamba katika sherehe za Januari za kukumbuka mapinduzi, mbele ya wageni wote, bingwa huyo ataangushwa na askari wa Uganda.

Kilichobaki kilikuwa kumpata askari. Katika timu ya polisi ya kuvuta kamba, Ochan ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho, yule anayefungwa kamba kiunoni na kuegemea nyuma kama nguzo. Alikuwa na kilo mia na kumi na mbili. Meja alimzunguka mara mbili, akasema:

"Hii mutu iko kubwa, lakini hapana tosha. Januari mimi nataka kilo mia na hamusini. Chakula, Serikali talipa. Kazi yako moja: kula."

"Na nikishindwa kunenepa, afande?"

Meja alimtazama kwa upole. "Basi wewe tajibu swali."

* * *

Kila Jumatatu lendirova ilileta nyama, mchele, sukari na mafuta. Wakati huo sukari ilikuwa imepotea Kampala nzima. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa uvumi tu, na wengine walijiunga bila kujua kinachouzwa mbele. Sabuni ilikatwa vipande kama keki. Na hapo katikati ya kambi, mtu mmoja alikuwa ameamriwa kunenepa.

Amri ilikuwa na sharti. Chakula kilikuwa mali ya Serikali na kilitakiwa kuingia katika mwili wa Koplo Ochan peke yake. Askari aliyekileta alimsomea Filda sharti hilo mlangoni, akasita, akaongeza kutoka moyoni mwake, "Pole, mama."

Kwa hiyo Filda alipika vyungu viwili. Kimoja kilikuwa cha viazi vitamu, cha kwake na watoto. Kingine kilikuwa cha nyama. Ochan alikaa mezani peke yake, ameipa familia mgongo kwa sababu hakuweza kuwatazama, lakini masikio hayana mgongo. Aliwasikia wakinusa. Siku ya tatu mtoto wake mdogo alikuja akasimama pembeni ya meza, hakuomba, alisimama tu, na Ochan akamtia mnofu mdomoni haraka. Kesho yake walikuja wote watatu.

Jirani yao Kulusum, mke wa Sajini Fadhul, alikuwa Mnubi mwenye mwili mkubwa na ulimi usiopumzika. Alikuja na kikombe kitupu kuomba sukari, akapewa, akakaa.

"Wenzetu walipogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, tuliwaita mafutamingi," alisema. "Mume wako hakupewa duka. Amepewa mafuta yenyewe."

Filda alicheka, kisha akageuka akafuta macho kwa ncha ya lesu.

Upimaji ulifanyika Jumamosi, katika stoo ya kahawa karibu na reli, juu ya mizani ya magunia. Makuli waliacha kazi kuja kutazama. Baada ya mwezi mmoja mizani ilionyesha kilo mia na kumi. Koplo alikuwa amepungua.

"Kilo mbili ya Serikali imekwenda wapi?" Meja aliuliza.

Kilo zile zilikuwa nyumbani, zimegawanyika katika mashavu ya watoto watatu.

"Jumamosi ingine kama hii," alisema Meja, "mimi hapana pima wewe. Mimi nachukua wewe."

Siku hiyo Ochan alirudi na kula nyama yote akiwa amefunga mlango kwa komeo. Watoto walikaa nje barazani. Alipomaliza alitoka, akakuta Alanyo amewashika wadogo zake mikono na kuwaimbia kwa sauti kubwa, ili wasisikie kijiko.

* * *

Mazoezi yalikuwa Bugolobi, nyuma ya fleti alimokaa Kuroda, kwenye ua wa udongo uliofyekwa na kuchorwa duara. Ochan alitegemea kufundishwa jinsi ya kuangusha mtu. Kwa majuma mawili Mjapani alimfundisha kufagia duara, kuchuchumaa, na kuinua mguu mmoja juu kisha kuukanyaga chini kwa kishindo, mara mia mbili kila jioni.

Kiswahili chake Kuroda alikipata kiwandani. Wajapani wengine walichekwa walipochanganya herufi zao, lakini yeye alijifunza kwa wafanyakazi wa Kiganda, ambao walichanganya r na l vile vile alivyochanganya yeye, na mwisho wa mwaka hakuna aliyeona kasoro. Walimwita Kuloda. Naye aliitika.

"Bwana Kuroda," Ochan alimwuliza siku moja wakipumzika, "ulikuwa bingwa mwaka gani?"

Mjapani alinyoosha goti lake bovu, akalisugua. "Bingwa nani?"

"Wewe. Meja anasema wewe bingwa wa dunia."

"Meja hapana uriza. Mimi hapana bingwa. Mimi mpishi."

Akasimulia, kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Baba yake alikufa vitani, nyumbani kulikuwa na njaa, na katika nyumba za sumo watu walisemekana kula. Akaenda akiwa na miaka kumi na sita. Kumbe huko kuna ngazi, na ngazi za chini hazina mshahara. Wa chini huamka kwanza, hufagia, hupika, huwasugua wakubwa migongo bafuni. Chakula kikiiva, wakubwa hula kwanza, na wadogo husimama nyuma yao wakisubiri. Wakubwa wakishiba, wadogo huingia chunguni na kukuta mchuzi.

"Miaka kumi na mbiri mimi nakura mchuzi," alisema. "Halafu napanda. Napata mshahara. Napata kijana wa kusugua mgongo yangu. Shindano moja, miezi mbiri. Siku kumi na tano napigana, siku nne nashinda, kumi na moja naanguka. Nashuka tena. Mwaka mwingine yure kijana anapanda. Mimi nasugua mgongo yake."

"Halafu?"

"Halafu goti navunjika. Nakuja kujifunza mashine ya mashati."

"Kwa nini hukumwambia Meja?"

"Nataka sema. Yeye nafurahi sana." Kuroda akatazama duara. "Na mimi pia, kidogo. Miaka kumi na nne, hapana mtu moja naita mimi bingwa."

* * *

Ochan alimweleza Filda habari hizo kama kichekesho. Filda hakucheka. Alimrudisha nyuma kwenye jambo moja tu.

"Chungu kilikuwa kimoja?"

"Kipi?"

"Huko kwao. Wakubwa na wadogo, chungu kimoja?"

"Kimoja."

Kesho yake alijifunga lesu safi, akatembea mpaka Bugolobi, akabisha mlangoni kwa Mjapani. Kuroda alimkaribisha kwa kuinama, Filda naye akapiga magoti nusu kama adabu ya mji ilivyotaka, na kwa kitambo hakuna aliyejua nani ainuke kwanza.

"Bwana," alisema Filda, "mume wangu ananenepa vibaya. Nyama ikiingia na huzuni haikai mwilini. Huko kwenu, mtu mmoja aliwahi kunenepa peke yake?"

"Hapana," alisema Kuroda. "Lazima kambi. Watu wengi, chakura moja."

"Basi mwambie Meja."

Kuroda alikuwa amewaona watoto wale mara moja walipokuja kumchukua baba yao, mashavu yakiwa yamebonyea tena. Akaenda jikoni, akarudi na kisu na kabichi, akaanza kumwonyesha Filda jinsi chungu cha sumo kinavyopikwa: kuku, kabichi, vitunguu, chochote kilichopo, vyote pamoja katika maji mengi. Filda alitazama akawaza kwamba mwanamume huyu anakata kitunguu vizuri kuliko wanawake wengi wa Nsambya. Na Jumamosi iliyofuata, katika stoo ya kahawa, Mjapani alivaa suti na tai, akasimama mbele ya Meja Kasim, na kwa mara ya kwanza akautumia ubingwa wake.

"Sumo hapana mtu moja," alisema kwa ukali. "Sumo ni kambi. Mtu nakura peke yake, nguvu nakufa. Kama hapana kambi, mimi hapana pigana."

Meja hakupenda kusikia kwamba kuna jambo la sumo asilolijua. "Mimi najua hiyo," alisema. "Mimi nangojea wewe sema. Kambi ya watu ngapi?"

Kuroda hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Filda, aliyesimama nyuma ya magunia, alionyesha vidole vya mikono yote miwili, kisha akaongeza kimoja.

"Kumi na moja," alisema Kuroda.

* * *

Ndivyo ilivyoanzishwa Kambi ya Sumo ya Nsambya, kwa barua yenye muhuri. Filda alipeleka majina mwenyewe. Watu wake wanne walikuwa rahisi, pamoja na Ochan wakawa watano. Wa sita alikuwa Joska, mke wa Odur.

Joska alikuwa amebaki na watoto wawili katika kota ya mumewe. Karani wa nyumba alimpa notisi: nyumba ni ya askari, askari hayupo, basi ahame. Alipouliza askari yuko wapi, karani alimwambia ofisi yake inahusika na nyumba tu. Filda alimwandika Joska kuwa mpishi mkuu wa kambi, na watoto wake wakawa wanamieleka. Karani alipokuja na kufuli, Joska alimwonyesha barua yenye muhuri na sahihi ya Meja. Karani aliisoma mara tatu, akamsalimia, akaondoka na kufuli lake.

Nafasi tatu zilizobaki alizidai Kulusum.

"Mimi na wanangu wawili," alisema. "Tena mimi ndiye mwanamieleka wa kweli humu. Wenzangu wote mnaanza, mimi nimeshafika."

"Na Sajini Fadhul atasema nini?"

"Fadhul atakula atakachoachiwa. Si ndiyo sheria ya Kijapani?"

Meja aliridhika na kambi hadi alipotaka kuipima. Alipofika stoo Jumamosi akakuta wanawake watatu na watoto saba wamepanga mstari nyuma ya Ochan, alifungua mdomo, lakini barua ilikuwa na sahihi yake, na makuli walikuwa wakitazama. Mkubwa hawezi kukosea mbele ya makuli. Alipima wote kumi na mmoja. Kulusum alipopanda, mizani ilipiga kelele na makuli wakapiga makofi, naye akawapungia mkono. Mtoto wa mwisho wa Joska alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu, na Meja akaliandika hilo katika ripoti yake kama mafanikio ya michezo ya vikosi. Ochan alifika kilo mia na thelathini na nane, na kwa kuwa kambi nzima ilipanda, Meja hakumsumbua kwa kumi na mbili zilizobaki.

Tatizo lilikuwa matokeo. Novemba amri ilikuwa Ochan ashinde. Desemba ofisi moja ilikumbusha kwamba Japani ina mikopo na mashine, mgeni asiaibishwe, basi ashinde Kuroda. Katikati ya Januari ofisi nyingine ilisema Uganda haishindwi. Meja aliwaita wote wawili.

"Ya mwisho hii," alisema, naye mwenyewe alikuwa amepungua kuliko mtu yeyote. "Uganda nashinda. Nyinyi nafanya muzuri, nafanya polepole, Mukubwa aone. Kama hapana..." Akatazama dirishani, hakumalizia.

Walifanya mazoezi ya kuanguka kwa siku saba. Kuroda alianguka vizuri sana. Alikuwa na uzoefu.

* * *

Siku ya sherehe uwanja ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Programu iliweka sumo saa tano. Ikapita saa tano, ikapita saa sita, gwaride likafuata gwaride, na wanamieleka wawili walisimama juani nyuma ya jukwaa, uchi isipokuwa turubai lililozungushwa viunoni na kupitishwa katikati ya mapaja. Serikali ilikwisha piga marufuku sketi fupi, na wanawake walikuwa wamekamatwa mitaani kwa ajili ya magoti yao. Sasa makalio ya Koplo Ochan, Mkatoliki na baba wa watoto watatu, yalikuwa wazi mbele ya wake za mabalozi.

"Afande, niongeze kaptula," alikuwa amemwomba Meja.

"Japani hapana vaa kaptula."

Watu walicheka. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama hawa ni wafungwa wa gereza la Luzira. Filda alikuwa upande wa wake za polisi pamoja na Joska na Kulusum, akitazama vidole vya miguu yake.

Saa tisa ikatangazwa kwamba Mkubwa mwenyewe hatakuja, amemtuma Brigedia. Brigedia aliketi, akaagiza soda, na wanamieleka wakaambiwa wana dakika tatu.

Meja alikuwa ameagiza kila kitu kiwe kama Japani, na huko mwanamieleka hutupa chumvi ulingoni kuusafisha. Debe zima la chumvi liliwekwa kando ya duara. Chumvi ilikuwa imeadimika mjini tangu Krismasi. Kuroda alichota konzi ya kwanza, akairusha juu, ikametameta juani na kuanguka mchangani, na kutoka kwa wanawake wote wa uwanja ule ikatoka sauti moja ya maumivu, kama watu walioona mtoto akidondoshwa. Hakuna aliyecheka tena.

Kuroda hakuisikia sauti ile. Kwao, wa ngazi za chini hawapewi chumvi. Mkono wake uliwahi kuirusha katika miezi miwili tu ya maisha yake, na sasa mkono ulikumbuka. Akachota tena, akarusha tena. Ochan, aliyekuwa akimtazama ng'ambo ya duara, aliona uso wa mwalimu wake ukibadilika, akanong'ona, "Bwana Kuroda. Polepole. Tulikubaliana." Mjapani alikuwa amekwisha chuchumaa, ngumi zikigusa ardhi.

Ochan akaenda mbele kwa uzito wake wote, kama walivyofanya mazoezi. Kifua alichokitegemea hakikuwepo. Kuroda alikuwa amesogea hatua moja pembeni, akaushika mkanda wake kwa nyuma, akazungusha nyonga, na kilo mia na thelathini na nane za Serikali zikapita hewani na kutua kifudifudi nje ya duara.

Yote yalikuwa yamechukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Ochan alilala mchangani, akaamua kutokuinuka, kwa sababu hapo chini bado alikuwa na familia. Kuroda alisimama katikati ya duara akihema, uso mwekundu, na hakuonekana kujutia chochote.

Brigedia alikuwa akielekeza soda yake ifunguliwe. Aligeuka. "Imekwisha? Nani ameshinda?"

Meja Kasim alipiga saluti. Wale waliokaa karibu waliona tone la jasho likishuka kutoka sikioni hadi kwenye kola.

"Uganda, afande."

"Muzuri," alisema Brigedia, akapiga makofi.

Mtangazaji alimwona Brigedia akipiga makofi, akainua kipaza sauti na kutangaza kwamba Koplo Saverio Ochan wa polisi ya Uganda amemwangusha bingwa wa dunia kutoka Japani. Watu elfu ishirini, waliokuwa wameona kwa macho yao, walitazamana kidogo. Kisha waliokaa mbele wakaanza kupiga makofi, na wa nyuma wakafuata, na wa mwisho wakapiga kwa nguvu kuliko wote ili wasionekane wamechelewa. Ochan akainuliwa, mchanga ukiwa bado midomoni, akavalishwa shada. Kulusum alipiga vigelegele. Joska alikuwa akilia, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Brigedia alipoondoka, wanawake waliruka kamba na kujaa ulingoni. Walikusanya chumvi ile pamoja na mchanga wake, katika lesu, katika vitambaa vya kichwa, katika viatu.

* * *

Ochan akawa sajini. Barua ya pili ilikuja na muhuri: kwa kuwa kambi imeleta ushindi, iendelee, na nchi nyingine zitafutwe za kushindwa. Joska alibaki katika kota yake. Kila Jumatatu lendirova ilikuja, na wanawake bombani, wakiiona, waliendelea kufua.

Huko Osaka, Japani, mabosi wa kile kiwanda cha mashati walisoma gazetini kwamba fundi wao ameangushwa hadharani akiwa amevaa turubai. Hawakufurahi. Telegramu ilimpa Kuroda majuma mawili ya kufunga mizigo.

Alhamisi ya kuondoka kwake, Filda alimpelekea chungu cha chakula. Fleti ilikuwa tupu isipokuwa sanduku moja, viti viwili na redio dirishani. Ochan hakuweza kuja. Alikuwa ameitwa studio kuwaeleza wananchi, katika kipindi cha michezo cha adhuhuri, jinsi alivyoshinda. Alikuwa amekaa siku mbili bila kula akihofia jambo hilo, mtu aliyelipwa kula.

"Sajini," mtangazaji alisema redioni, "hebu tueleze. Ilikuwaje?"

Kulikuwa na kimya kirefu kiasi kwamba Filda alidhani betri zimekwisha. Kisha sauti ya mumewe ikaja, nzito, taratibu.

"Alikuja kwangu kwa uzito wake wote," ilisema. "Alidhani mimi nitasimama pale. Mimi nilisogea hatua moja tu. Sikumsukuma. Watu wanadhani mtu anasukumwa, hapana. Nilimshika mkanda kwa nyuma, hapa, kwa mkono wa kulia, nikageuza nyonga, nikauacha uzito wake umpeleke. Alipopita juu yangu hakuwa na uzito hata kidogo. Nadhani hakujua kwamba ameanguka mpaka alipoona mchanga. Ni kazi ya miaka mingi, bwana. Si ya nguvu. Mtu aliyenifundisha hiyo alisubiri miaka kumi na minne kuifanya mara moja."

"Na yule Mjapani, ulimwonaje?"

"Yule aliyeanguka? Alikuwa mtu mzito tu. Yeye hakufanya chochote."

Mtangazaji akacheka, akapiga muziki.

Kuroda alikuwa amesimama wima karibu na dirisha, mikono imeshuka mapajani, kama mtu anayesomewa jina lake. Filda alipakua chakula na kusubiri. Baadaye Mjapani alikaa, akavuta sahani, akala vijiko viwili, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Yeye nasema vizuri sana," alisema. "Lakini mkono wa kushoto. Hapana kuria. Kushoto."

"Nitamwambia," alisema Filda.